Anza na Kitwitwi: Namna ya Kutazama Ndege Wahamaji, Nakuru hadi Ahero

Mgeni akiuliza habari za ndege wa Nakuru, kila mtu humwelekeza kwa heroe, wale flamingo wa waridi waliojaa kwenye kalenda na kadi za posta. Mimi nakuomba siku ya kwanza uwaache heroe. Teremsha macho mpaka pale maji yanapokutana na matope, umtafute kindege wa rangi ya udongo, asiyemzidi shomoro kwa ukubwa, anayekimbia na kudonoa bila kutulia. Huyo ni kitwitwi mdogo, kitabuni utamkuta kama Calidris minuta. Alizaliwa kaskazini kabisa, pwani za Aktiki huko Norwe au Siberia, mahali ambapo wakati wa kiangazi jua halizami. Uzito wake ni kama gramu 20 hadi 30. Amefika hapa kwa mabawa yake mwenyewe, na watu wengi wanapita karibu naye wakikimbilia kupiga picha vifaru.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru mjini, na nimeolewa Ahero, kwa hiyo nina sehemu mbili za kutazamia: ziwa upande huu, mashamba ya mpunga upande wa wakwe. Haya ninamwandikia mtu asiye na gari lake, asiye na kamera ya bei kubwa, na ambaye pengine hajawahi kushika darubini.

Majira yenyewe

Tunachoita hapa msimu wa wahamaji ndiyo majira ya baridi ya kule Ulaya na Asia. Siku zikifupika na ardhi ikaganda, wadudu hupotea, na ndege anayekula wadudu hana la kungoja. Wengine husafiri kidogo tu na kuishia kwenye visiwa na pwani za Bahari ya Mediteranea, ambako mabonde hayagandi. Wengine huvuka bahari hiyo, wakavuka Sahara, wakaja kwetu.

Hawaji siku moja. Vitwitwi wakubwa kwa umri huanza kuonekana mapema, tangu Agosti, wakiwa bado na masalia ya rangi za kuzalia. Oktoba na Novemba ndipo wengi huingia. Kuanzia Desemba mpaka Februari wametulia, kila mmoja na sehemu yake ya kulia. Machi hunenepa na kubadilisha manyoya kwa ajili ya safari, na mwisho wa Aprili wengi wameondoka, isipokuwa vijana wachache wa mwaka wa kwanza wanaobaki huku mwaka mzima.

Ukiniuliza mwezi mmoja wa kuanza, nitakuambia Januari. Mvua za vuli kwa kawaida zimekatika, maji yanarudi nyuma kidogo na kuacha matope wazi, na ndege hawahamihami. Ndege uliyemwona juzi kwenye kona ile, huenda ukamkuta palepale leo. Kwa mwanafunzi hiyo ni neema, maana utaweza kurudi kuthibitisha ulichokiona.

Darubini

Darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Chukua ya 8. Ya 10 huonekana bora dukani, lakini mkono ukitetemeka kidogo na picha nayo hutetemeka, na eneo unaloliona ni dogo, ndege akiruka umempoteza. Zile ndogo za mfukoni zenye lenzi ya 21 au 25 huingiza mwanga kidogo, na alfajiri ndipo mwanga unapohitajika.

Ukinunua ya mtumba, usimlipe mtu kabla ya kutazama ukingo wa paa la mbali au mlingoti wa simu. Ukiona mstari mmoja safi, vizuri. Ukiona miwili, au macho yakaanza kuuma baada ya dakika moja, vioo vya ndani vimeyumba, na gharama ya kuvirekebisha itashinda bei uliyotajiwa. Igeuze, uchungulie kwa upande mkubwa ukielekea kwenye mwanga. Nyuzi za kijivu ndani ya lenzi ni ukungu. Irudishe.

Sasa kuiweka sawa na macho yako, jambo ambalo wengi hawakufundishwa. Tafuta bango la mbali lenye herufi. Ziba lenzi ya kulia kwa kiganja, tazama kwa jicho la kushoto, uzungushe gurudumu la katikati mpaka herufi zisomeke vizuri. Kisha ziba ya kushoto. Gurudumu usiliguse tena. Kwenye mrija wa kulia, karibu na jicho, kuna pete inayozunguka. Zungusha hiyo pekee mpaka herufi zikae sawa kwa jicho la kulia. Angalia pete imesimama kwenye alama gani, ukumbuke. Kuanzia hapo darubini ni yako, na gurudumu la katikati peke yake litatosha. Mwenye miwani akunje vile vikombe vya mpira vya machoni, asivue miwani.

Kuna ustadi mwingine mmoja, nao ni wa shingo. Ukimwona ndege kwa macho, usiinamishe kichwa kutafuta darubini. Macho yabaki kwa ndege, mikono ndiyo iinue darubini mpaka ikutane na macho. Fanya mazoezi kwa njiwa wa mjini kabla hujaenda popote. Mimi hufanya dukani, kazi ikipoa, kwa wale njiwa wanaotua kwenye paa la mabati ng'ambo ya barabara.

Jinsi ya kumtazama ndege mmoja

Rangi iwe ya mwisho. Najua inaonekana kinyume, lakini vitwitwi wakiwa huku kwetu wamevaa kijivu na kahawia, na ukianza na rangi utafunga kitabu kwa hasira. Anza na ukubwa, ukimlinganisha na ndege unayemjua aliye karibu naye. Halafu miguu: mirefu au mifupi, myeusi, ya njano, au ya kijani. Halafu mdomo: mfupi, mrefu, umenyooka, umepinda juu au chini. Halafu mwendo. Mwendo haudanganyi.

Kitwitwi mdogo ana miguu myeusi na mdomo mweusi mfupi. Anapokula, kichwa hakipandi juu kabisa. Mdomo unaingia na kutoka kwenye matope kama sindano ya cherehani inayopita kwenye pindo, halafu anakimbia hatua tatu nne na kuanza pindo jingine. Nimewahi kukaa nikamtazama mmoja tu mpaka wenzangu wakanung'unika. Matope yale kwangu yalikuwa matupu, lakini yeye kila mara alipata kitu.

Karibu naye, peke yake, kwenye jiwe au gogo, utamwona mwingine anayetikisa nyuma juu na chini bila kupumzika. Huyo ni Actitis hypoleucos. Tazama ubavu wake: weupe wa tumbo unapanda mbele ya bawa na kuingia begani. Akiruka hupita chini sana juu ya maji, mabawa yamekakamaa, akipiga mapigo mafupi na kuteleza. Yuko kila mahali, kuanzia mito ya mjini mpaka mawe ya Kisumu, kwa hiyo ni vizuri kumjua mapema ili asikusumbue.

Tringa glareola amesimama juu zaidi, miguu ya manjano hafifu, mgongo wenye madoadoa meupe, na mstari mweupe juu ya jicho. Akishtuka anapiga kelele ya haraka, chif-if-if, na kiuno cheupe kinaonekana. Mkubwa wake, Tringa nebularia, mwenye miguu ya kijani na mdomo uliopinda juu kidogo hulia mara tatu kwa sauti nene, tyu-tyu-tyu, na ukishaisikia mara moja utaanza kumjua kwa sikio hata kabla hujamwona. Yupo pia Calidris pugnax, shingo ndefu, kichwa kidogo, mgongo wa magamba. Huyu huwachanganya wengi kwa sababu dume ni kubwa mno kuliko jike, utafikiri ni aina mbili zimesimama pamoja. Huko kaskazini dume huota ukosi wa manyoya shingoni wakati wa kuzaa. Huku hatuuoni ukosi huo, au tunaona dalili zake tu.

Hao wanne watano wakikaa kichwani, wengine ni wa kuongeza polepole. Usijilazimishe kuwataja wote. Aliye mbali, mwanga mbaya, mwandike "kitwitwi, sikumtambua". Daftari la namna hiyo lina thamani kuliko lile lililojaa majina ya kubahatisha.

Ziwa Nakuru

Mbuga imezungushiwa ua, na ndani kuna nyati, simba na vifaru, kwa hiyo huteremki garini ila pale palipoandikwa kwamba inaruhusiwa. Wasio na gari tuchange. Watu sita au saba wakikodi gari moja dogo, gharama ya kila mmoja inashuka sana. Hakikisheni dereva anaelewa tangu mwanzo kwamba mnakwenda kuketi mahali pamoja, si kuzunguka mbuga nzima kutafuta simba. Mwambieni jana yake, si siku ileile langoni. Na akisimama, injini izimwe. Gari lililotulia ni maficho mazuri. Ndege humwogopa mtu anayetembea zaidi kuliko bati.

Fika lango linapofunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi. Asubuhi kaa ufuo wa mashariki, upande wa Lion Hill, jua liwe mgongoni mwako na ndege wamulikwe. Jioni hamia magharibi, upande wa Baboon Cliff. Watu wengi hufanya kinyume, kisha wanalalamika kwamba ndege wote walikuwa weusi. Baada ya saa tano upepo huamka, maji yanachafuka na joto linafanya picha icheze kwenye darubini. Huo ndio wakati wa chai.

Usiende na ramani ya zamani. Kuanzia miaka ya 2010 maji yamepanda sana, yakameza barabara za ufuoni na hata lango kuu la zamani. Migunga iliyokufa imesimama majini, na matawi yake makavu yamekuwa vituo vya mnandi na furukombe. Ziwa likijaa hivyo, magadi yanapungua nguvu, na ule mwani mdogo wa kijani-bluu, Arthrospira, ambao ndio chakula cha heroe mdogo, hupungua. Ndiyo sababu makundi makubwa huhamia Bogoria na kwingineko, na kurudi hali ikibadilika. Mwaka ukiwakuta wachache, ziwa halijafa. Mbuga hii imehesabiwa zaidi ya aina 450 za ndege, na tangu 1990 ziwa limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia. Heroe ni ukurasa mmoja.

Hata hivyo, heroe ukiwapata, watenganishe. Mkubwa, Phoenicopterus roseus, ni mrefu kufikia mita moja na nusu, karibu mweupe, mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Mdogo, Phoeniconaias minor, hafiki mita moja, ana waridi iliyokolea, na mdomo wa rangi ya damu nzito ambao kwa mbali ni mweusi mtupu. Mkubwa anachuja vidudu vya matopeni. Mdogo anachuja ule ukijani wa juu ya maji. Kwa hiyo hata wakiwa kundi moja hawagombanii chakula.

Kama pesa za kiingilio cha mbuga hazipo mwezi huu, panda Menengai. Ukingoni mwa kreta, kuanzia katikati ya asubuhi ardhi ikishapata joto, tazama juu. Kuanzia Oktoba hadi Machi unaweza kumpata tai wa nyika za Asia, Aquila nipalensis, mkubwa, wa kahawia. Akikaa karibu, angalia pembe ya mdomo: mstari wake wa njano unapita mpaka nyuma ya jicho. Tai huyu sasa yuko kwenye hatari ya kutoweka duniani, kwa hiyo kila unayemwona mwandike.

Ahero na Kano

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote, na sioni wageni wakiletwa. Mashamba ya mpunga ya Ahero yana maji ya kina cha kidole, tope, konokono, panzi na ng'ombe. Vitwitwi wote niliowataja wapo, na hakuna kiingilio. Kuna adabu tu: mashamba yana wenyewe. Salimu kwanza, useme unatafuta nini, uombe kupita. Usikanyage kingo mpya za matope, zinabomoka na maji yanatoroka. Vaa gambuti, au viatu ambavyo hutavililia.

Shemeji yangu analima huko, na yeye alinipa somo ambalo kitabu hakikunipa. Nilikuwa nikitafuta ndege mwenye kifua cha manjano kwenye nyasi, akaniambia, "Shemeji, usimtafute yeye. Mtafute ng'ombe." Ni kweli. Motacilla flava, kindege mwembamba mwenye mkia mrefu usiotulia, huenda miguuni pa ng'ombe pamoja na yangeyange, akidaka wadudu wanaorushwa na kwato. Wakati wa kulima ndiyo karamu. Ng'ombe wa plau wanavuta, tope linageuka, na nyuma yao mstari mzima wa manjano unatua, unaruka, unatua tena, mita mbili tu kutoka kwenye visigino vya mkulima.

Desemba wengi wao wamefifia, manjano ya kuchujuka. Uwarudie Machi. Wakati huo madume wamevaa nguo mpya, na vichwa vyao vinaeleza wanakoelekea. Mwenye kichwa cha kijivu-bluu na nyusi nyeupe ni wa Ulaya ya kati. Mwenye kichwa cha manjano kitupu anaelekea nyika za Kazakhstan na mto Volga. Na mwenye kichwa cheusi ti, bila nyusi, ni wa Balkani, Ugiriki, Uturuki, na kisiwa cha Kupro. Fikiria hilo ukiwa umesimama kwenye tope la Kano: kuna kindege mbele yako ambaye baada ya wiki chache atakuwa anaimba kisiwani, mashariki mwa Mediteranea.

Mbayuwayu, opija kama wanavyowaita huko, hupanga mistari kwenye nyaya za umeme. Usidhani wote ni wageni. Mhamaji, Hirundo rustica, ana koo jekundu na chini yake mshipi mweusi mpana uliokamilika, kisha tumbo jeupe. Mwenyeji wetu wa kanda ya ziwa, Hirundo angolensis, wekundu wake unateremka hadi kifuani, mshipi ni mwembamba au umekatika, na tumbo ni la kijivu chafu. Usiutegemee mkia mrefu kumtambua mgeni. Wageni hubadilisha manyoya wakiwa huku, na katikati ya msimu mikia ya wengi ni mifupi.

Dunga

Kutoka Kisumu mjini, Dunga ni safari fupi ya boda. Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuna njia ya mbao inayoingia kwenye mafunjo, na kuna vijana wa pale wanaojua ndege kwa sauti, walipe, wanastahili. Ukitaka mashua, patana bei kabla ya kupanda, vaa jaketi la kuokolea, na usikubali kupelekwa majini giza likiingia, kwa sababu ya viboko.

Juu ya maji utaona membe na wale ndege weupe wembamba wanaoelea juu ya magugu maji, wakiinama na kuokota kitu bila kutua. Wengi wa hao kati ya Oktoba na Aprili ni wageni. Lakini nikikwambia ukweli, Dunga huniteka kwa mwenyeji, si mgeni. Ndani ya mafunjo kuna ndege mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa dhahabu, Laniarius mufumbiri, ambaye haishi nje ya mafunjo. Mafunjo yakikatwa au kuchomwa, hana pa kwenda. Kaa kimya, usimchezee sauti za simu ili kumtoa. Atatoka kwa wakati wake kwenye ukingo, dakika chache, jua la kwanza likimpiga.

Mdogo wangu aliyeko Kupro

Mdogo wangu anasoma Kupro, na tangu aende tumekuwa tukitumiana orodha. Yeye baridi, mimi jua. Nikiweka hapa niliyomfundisha, huenda yakamsaidia mwingine aliyeko huko.

Mahali pa kuanzia ni Ziwa la Chumvi la Larnaca, lililo karibu kabisa na uwanja wa ndege. Wakati wa kiangazi hukauka likabaki chumvi nyeupe. Mvua za baridi zikinyesha linajaa, vidudu vidogo vya maji ya chumvi aina ya Artemia vinaanguliwa, na heroe wanakuja kuvila, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi. Wote ni yule mkubwa. Mdogo wetu huko hayupo. Ufuoni, katikati ya mitende, upo msikiti wa Hala Sultan Tekke, na kutoka upande huo unaweza kutazama ukiwa umetulia. Usitembee juu ya tope la ziwa kuwasogelea. Heroe akirushwa mara tatu nne asubuhi moja amepoteza chakula cha siku, na kule baridi ni ya kweli. Kusini zaidi, karibu na Limassol, kuna ziwa jingine la chumvi, Akrotiri.

Bustanini huko atamwona Erithacus rubecula, kindege mnene wa kifua cha rangi ya chungwa, ambaye huishia huko na hafiki kwetu. Nilimwomba anitumie picha yake, na alipoituma niliikuza mpaka simu ikaishiwa moto.

Kuna jingine ambalo si la kufurahisha. Kupro kuna watu wanaotega ndege kwa nyavu na kwa vijiti vilivyopakwa ulimbo, hasa Sylvia atricapilla, dume la kofia nyeusi na jike la kofia ya kahawia, ili waliwe kama kitoweo cha siri. Sheria inakataza. Ndege huyo akiponea kule, ni mgeni wetu wa nyanda za juu, Novemba hadi Machi, kwenye vichaka vyenye matunda madogo. Na kabla hatujawanyooshea kidole, huku Bunyala, kwenye mpunga, watu wamekuwa wakiweka sumu ya wadudu kwenye chambo kama konokono, wakiua korongo na vitwitwi na kuwauza kama nyama. Nyama hiyo ina sumu ileile. Ukiuziwa ndege wa porini kando ya barabara usinunue, na ukikuta ndege wengi wamekufa mahali pamoja usiwashike kwa mikono mitupu. Piga picha, uwaarifu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Daftari na hesabu

Andika tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, mahali, hali ya maji, aina, idadi, na alichokuwa akifanya ndege. Jioni ingiza kwenye eBird au Kenya Bird Map, zinazotunza orodha za ndege mtandaoni, ili yasifie kwenye droo.

Kuhesabu kundi kubwa kuna njia yake. Hesabu kumi mmoja mmoja. Tazama kumi hao wamechukua nafasi gani kwenye darubini. Sogeza nafasi hiyo mara kumi, una mia. Sasa tumia nafasi ya mia kupitia kundi lote, ukianzia upande mmoja bila kurudi nyuma. Vitwitwi wadogo hubanana na kujificha nyuma ya wakubwa, kwa hiyo pitia mara ya pili kwa ajili yao tu. Ukipata namba mbili zilizokaribiana, andika zote.

Kila Januari, Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Nature Kenya huendesha hesabu ya ndege wa majini kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, sehemu ya hesabu inayofanyika dunia nzima. Watu wa kujitolea hupokelewa, na wasiojua sana huwekwa na wanaojua. Ukipata nafasi ya kuandika tu namba zinazosomwa na mwingine, ipokee. Utajifunza kwa asubuhi moja yale ambayo peke yako yangekuchukua msimu.

Ukiwa unatazama miguu, tazama pia kama kuna pete. Ndege wengine wamevalishwa pete ya chuma, au ya plastiki yenye rangi na herufi. Andika rangi ya pete, mguu wa kulia au wa kushoto, juu au chini ya goti, na kila herufi unayoiona, hata kama ni nusu. Ndege akiwa hai usimkimbize ili usome zaidi. Akiwa amekufa, ipige picha pete kwa pande zote na uitunze. Taarifa ipeleke idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Wao watatafuta ni nani aliyemvalisha pete hiyo, nchi gani, mwaka gani.